Besi Yangu, Sumaku Yao

Jumapili, 5 Februari 1967

Besi imekufa. Jana arusini Kibokoni, wimbo wa pili tu — ikakoroma, ikakwaruza, ikanyamaza. Sisi wanawake upande wetu wa pazia tulidhani Zein anapumzika. Kumbe anazichuna nyuzi kwa nguvu zake zote na hakuna kinachotoka!

Asubuhi hii mdogo wangu Zein ameshuka na hilo gitaa la besi begani, uso umemvimba. Ati Faraj, katibu wa chama chao cha tarabu, amesema mbele ya watu kuwa chombo hiki ni mkosi. Faraj hupiga fidla. Kwake yeye kila kisichokuwa fidla ni mkosi.

Nikamuuliza Zein alimjibu nini. Hakumjibu. Alikunja waya akaondoka.

Na gitaa ni langu! Nililinunua kwa vikuku vyangu vya mahari, ambavyo mume alipokwenda zake sikutaka kuviona tena mkononi. Zein akapata besi ya kupigia, mimi nikapata cha kujifunzia akiwa kazini bandarini. Hayo ndiyo makubaliano. Nje lake, nyumbani langu. Sasa limeharibika, ameliweka mlangoni pangu na kwenda kulala.

Jumatatu, 6 Februari

Nimelichomeka kwenye redio ya Mama, mahali pa kuchomekea gramafoni, kama nifanyavyo siku zote. Kimya. Waya mzima, redio nzima. Basi nikalegeza nyuzi, nikatoa skrubu nne, nikaitoa ile sumaku inayokaa chini ya nyuzi. Wazungu huiita pikapu. Ni sumaku tu iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, na ndiyo inayodaka mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya. Bila hiyo gitaa la umeme ni ubao.

Waya umeota kutu ya kijani. Chumvi ya hewa hii ya kwetu, na jasho la Zein. Haijatimiza hata miaka mitatu.

Zein amenipa habari jioni, haraka haraka, huku akivua viatu. Arusi ya Mwanaesha, binti ya Bi Mwanakuu jirani yetu, ni tarehe ishirini na sita. Faraj amesema besi ikiiharibu na hiyo, chama kitaiuza kwa bendi ya dansi ya Tononoka kinunue kipaza sauti cha mwimbaji. Kitaiuza! Nikamuuliza, wauze gitaa la nani? Akasema ana usingizi.

Alhamisi, 9 Februari

Tumekwenda Mwembe Tayari kwa Nicodemus, Mtaita anayetengeneza redio nyuma ya stendi ya mabasi ya bara. Mtu wa adabu, lakini adabu yake ilinichosha. Kila swali anamuuliza Zein. Zein hajui. Najibu mimi, kutoka ndani ya buibui. Naye anamgeukia Zein na kumwambia jibu langu, kana kwamba nimezungumza Kichina!

Gitaa lilikuwa likisikikaje kabla ya kufa? (Lilikuwa zito, nikasema.) Bwana, anasema Nicodemus, lilikuwa zito.

Anaweza kuisuka upya sumaku ile ile. Huzungusha waya kwa gurudumu la cherehani ya mkono, na waya mpya wa kipimo kile anao. Lakini achague mwenye gitaa — mizunguko mingi, au michache? Mingi huleta sauti kubwa, nene, yenye ukungu. Michache huleta sauti ndogo kidogo, lakini kila noti utaitambua. Akamtazama Zein. Zein akatazama mabasi.

Michache, nikasema mimi. Kwa mara ya kwanza Nicodemus akanitazama mimi, akauliza kwa nini. Nikamweleza kuhusu pazia. Katika arusi zetu wanaume na vyombo vyao hukaa upande mmoja, sisi tunaopigiwa huo muziki tumo upande wa pili, na katikati limening'inia pazia zito la bibi arusi. Fidla hupita kwa taabu. Maneno hupita kwa taabu zaidi. Besi hupita yote, tena ikifika huku imenenepa. Upande wao inaambatana na wimbo, upande wetu inaukalia. Nimekaa nyuma ya mapazia hayo tangu nazaliwa, najua.

Nicodemus akaigeuza sumaku mkononi. Akasema yeye hajapata kuambiwa hivyo, na kwamba itakuwa tayari Jumatatu.

Nilirudi nimefurahi. Naandika hili kwa sababu halinitokei mara nyingi.

Jumamosi, 11 Februari

Zein ameleta sumaku nyingine! Hakuniuliza. Amepewa na Oloo, mpiga gitaa wa ile bendi ya Tononoka, aliyeing'oa katika besi iliyoanguka kutoka kwenye lori ikapasuka. Pande la chuma, pana, zito. Oloo amemwambia hii ndiyo ya wanaume, inatikisa mpaka mabati.

Nikasema, arusini kwa Bi Mwanakuu hatutaki kutikisiwa mabati. Akasema tujaribu zote mbili, ubaya gani? Sawa. Hilo halina ubaya. Nimekubali kwa meno yaliyokazwa.

Jumapili, 12 Februari

Leo nimelijua, na sijui niliandike vipi.

Chama kile kina desturi. Mtu akiingia na chombo chake, siku ya kwanza chombo huwekwa mkekani katikati ya wanachama, husomewa Fatiha, halwa ikaliwa. Kikishasomewa ni cha chama. Hata mwenyewe akitoka, chombo hubaki. Mama ndiye aliyeniambia, akichambua mchele, akidhani najua siku zote. Zein alilisomesha gitaa langu Fatiha miaka miwili iliyopita! Halwa yenyewe niliipika mimi. Aliniambia ni ya maulidi!

Nilimfuata barazani. Akasema bila hivyo wasingempokea. Akasema alidhani ni neno la mdomoni tu, nani angetaka kuiuza? Nikamwambia Faraj anataka. Akainamisha kichwa. Nilitamani anijibu vibaya, nipate pa kumshika.

Basi ndivyo ilivyo. Besi ikisikika vizuri tarehe ishirini na sita, inabaki. Isiposikika, vikuku vyangu vinakwenda Tononoka.

Jumanne, 14 Februari

Jana Zein aliichukua sumaku kwa Nicodemus, na amplifaya ameiazima chamani, ati anaitengeneza. Leo tumefanya jaribio letu.

Nimelitundika pazia la kitanda cha Mama mlangoni, kati ya vyumba viwili, na blanketi juu yake. Zein na Mama upande wa barabarani, mimi ndani. Mama aimbe, Zein apige. Mama ana sauti ndogo lakini maneno ya nyimbo za zamani yote anayo.

Kwanza ya Oloo. Ukuta ulitetemeka. Mama nilimsikia kama mtu anayezungumza na mdomo umejaa wali. Nikapiga kelele: imba kwa nguvu! Ati anaimba kwa nguvu.

Tukabadilisha. Ya Nicodemus — Ya Rabi! Noti moja moja, zina mwanzo na mwisho, na maneno ya Mama yanapita katikati yake bila kuguswa. Nilikaa kitandani nikalia kidogo. Hasira zangu zote za juma hili zilinitoka kwa machozi.

Kisha nikamwita Zein aje upande wangu, nikapiga mimi. Sumaku zote mbili, wimbo ule ule. Alipotoka nyuma ya pazia uso wake ulikuwa umebadilika. Akasema, kweli, Da Sheikha. Kweli kabisa. Hakuna mwanamume chamani anayejua kama huku husikika hivi.

Nikamwambia, hakuna aliyepata kukaa huku.

Ameahidi. Kesho kutwa wanajaribu mbele ya wanachama, na atawaambia ni hii ya Nicodemus. Nikamwambia watundike pazia na wao, wakae nyuma yake kwa zamu. Akacheka. Wazee wakae nyuma ya pazia? Nikamwambia hata mimi naweza kwenda kuwasikilizia. Hapo hakucheka.

Ijumaa, 17 Februari

Zein amerudi jana nimeshalala. Leo ameondoka kabla sijaamka. Gitaa amelifungia kabatini kwake.

Sijapata kumwona akifungia kitu.

Jumapili, 19 Februari

Sumaku ya Nicodemus iko kwenye bakuli la vifungo, chini ya cherehani ya Mama, imefungwa kwa kipande cha gazeti. Nilikuwa natafuta kifungo cha kanzu yake mwenyewe Zein! Kanzu ya arusi!

Nimemngoja arudi. Nikaiweka sumaku mezani. Alieleza mwenyewe, huku akizungusha kofia mikononi. Wanachama walikaa kuizunguka amplifaya, magoti yanaigusa. Wakaanza na ya Oloo. Faraj akaweka mkono kifuani akasema, hii ndiyo besi, hii hata moyo unaisikia. Faraj! Aliyeiita mkosi! Akamshika Zein bega mbele ya wote, akamuuliza nani ameichagua, na Zein akasema ni yeye. Ya Nicodemus hawakuijaribu hata kidogo. Ilikuwa mfukoni mwake muda wote.

Nikamuuliza kwa nini hakuitoa. Akasema, miaka miwili Faraj hajamwambia neno zuri.

Namwelewa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Namwelewa na ningemzaba kibao.

Jumatano, 22 Februari

Nimemwambia aibadilishe kimya kimya, nani atajua? Akasema Faraj atajua kwa sikio. Nikamwambia basi mwambie ukweli. Akasema, niwaambie dada yangu ndiye aliyenichagulia?

Nilimtupia kanzu yake. Vifungo vyote nimeshavishona.

Mama ameniingilia chumbani baada ya hapo. Ati nisimwaziri ndugu yangu, nisimwaibishe mbele za watu, kwa sababu mwanamume akiaziriwa chamani hana pengine pa kwenda, na mimi nyumba ninayo. Nyumba ninayo! Gitaa je?

Jumamosi, 25 Februari

Nimekwenda kusaidia kwa Bi Mwanakuu, kusonga unga wa kaimati. Nikampata peke yake uani nikamweleza yote — sumaku, pazia, mabati. Alinisikiliza kwa heshima. Akasema ya waya hayajui yeye. Yeye anataka kitu kimoja. Marehemu mumewe, kabla ya kufa, alimtungia Mwanaesha maneno ya siku ya arusi yake, na Bi Mwanakuu ameyaficha miaka yote hiyo. Mwanaesha mwenyewe hajayasikia. Kesho mwimbaji atayaimba kwa mara ya kwanza.

"Nataka ayasikie, Sheikha," akaniambia. "Kila neno. Babake yuwasema naye."

Nikamwahidi. Sijui nilimwahidi kwa kutegemea nini.

Nimetia sumaku ya Nicodemus mkobani, na bisibisi, na plasta ya umeme. Nicodemus alituonyesha Zein na mimi: kama hapana moto wa kulehemu, zisokote waya mbili uzifunge plasta, zitashika siku nzima. Shajara nayo imo. Siiachi nyumbani kesho, na Zein akiwa na hali ile.

Jumapili, 26 Februari — alasiri, kwa Bi Mwanakuu

Naandika nimekaa sakafuni chumba cha nyuma. Plagi ya amplifaya iko mapajani mwangu. Nimeichomoa mimi.

Niandike taratibu.

Wanawake wamejaa mpaka ngazini. Pazia limekatiza ukumbi. Wimbo wa kwanza wa kufungulia, basi besi ikaingia, na sharbati ikatetemeka ndani ya bilauri. Wakacheka kidogo. Wimbo wa pili mwimbaji akaanza maneno. Nilidaka "subira", nikadaka "mwanangu", basi! Huyu anamuuliza huyu, yuwasemaje, yuwasemaje, mpaka ukumbi mzima ukawa unaulizana. Hakuna aliyeinuka kwenda kutuza. Nimehudhuria arusi ngapi na sijaona wimbo ukimalizika bila hata mwanamke mmoja kuinuka na noti yake ya pesa.

Nikampitisha mtu mlango wa uani akamwambie Zein apunguze. Jibu likarudi kuwa kwao yasikika vizuri sana. Nikatuma tena. Mara hii alijibu Faraj mwenyewe — asiyesikia asogee mbele. Asogee mbele! Mbele yetu ni pazia! Ataka tuingie ndani ya kitambaa?

Kisha fidla ikaanza wimbo wa marehemu. Faraj hupiga vizuri, siwezi kukataa, na kwa hilo namchukia zaidi. Bi Mwanakuu akamshika Mwanaesha mkono. Mwanaesha haruhusiwi kuinua uso leo, lakini aliuinua. Mwimbaji akavuta pumzi. Na besi ikaingia, ikafuta kila kitu.

Bi Mwanakuu hakutazama pazia. Alinitazama mimi.

Waya wa amplifaya unapita chini ya pazia, unafuata ukuta mpaka chumba hiki, kwa sababu hakuna pengine pa kuchomekea chini hapa. Nikainuka nikaufuata. Nikavuta.

Besi ikakatika. Fidla ikaendelea kidogo peke yake, ikasimama. Nikasikia minong'ono upande wao, kisha viatu, kisha Zein nyuma ya pazia, karibu kabisa na mlango wangu.

"Da Sheikha. Umeme umekwenda?"

"Umeme upo. Nimeuchomoa mimi."

Akasema kwa sauti ya chini kuwa Faraj amesema waanze upya, bila besi.

Na hapo ndipo nilipoona nilichofanya! Bila besi maneno yatasikika, kila neno. Mwanaesha atamsikia babake. Na Faraj atakuwa amethibitisha alichosema tangu mwanzo, kuwa besi ni mkosi, na kesho gitaa langu liko juu ya baiskeli linapelekwa Tononoka. Nimempa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu!

"Wakianza bila besi, yauzwa," nikamwambia. "Wajua."

"Najua."

"Basi lipitishe gitaa tini ya pazia. Sumaku ya Nicodemus ninayo. Skrubu nne tu, nalirudisha kabla fidla haijapata sauti yake."

Viatu vyake vikakwaruza sakafu. Nikadhani ameondoka.

"Watajua," akasema.

"Watajua nini?"

"Kuwa si mimi niliyechagua."

Faraj alikuwa akimwita. Mara mbili, tatu. Hapo akaingia Bi Mwanakuu, na dhahabu zake zote na hariri yake, akaketi sakafuni kando yangu, akatazama plagi mapajani mwangu. Akalisemesha pazia, si kwa kelele, kwa sauti ya mtu aliyelipia kila kitu humu ndani.

"Mwambie Faraj wimbo wa mume wangu usianze mpaka niseme mimi."

Upande wao wamenyamaza wote. Huku kwetu wanawake wameanza kupiga makofi na tari ili kuujaza muda, na Bi Mwanakuu bado yuko hapa, ananitazama nikiandika. Skrubu zangu ziko tayari. Plasta nimeshaikata vipande viwili.

Zein hajaondoka. Naona ncha za viatu vyake chini ya pazia, na katikati yake kichwa cha gitaa, kimegusa sakafu. Nyuzi ameshazilegeza, naziona zimening'inia. Lakini hakijavuka. Mimi sitamwomba mara ya pili.